Tengenezo la Pikapu Kuukuu

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga waliosema maneno haya hawakupata kuona motokaa, lakini mtu akisimama asubuhi kando ya njia mjini Tarime atadhani waliyasema hapo hapo. Gari jipya likipita, kila shingo hugeuka. Pikapu kuukuu ikipita hageuki mtu, ila mwenye mzigo. Yeye hugeuka, huinua mkono, huuliza bei. Magari mengine hutazamwa, pikapu hutumwa. Hubeba mikungu ya ndizi alfajiri, mabati adhuhuri, mgonjwa jioni, na jeneza siku isiyotazamiwa. Na mwenye nayo hawezi kukataa kazi hizo mbili za mwisho na bado akaitwa jirani.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoipa pikapu kazi. Tarime ni nchi ya vilima na baridi, ardhi yake ikipanda zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na migomba, mahindi, kahawa na mihogo husitawi huko. Kutoka mjini njia huelekea kusini-mashariki, hupita Nyamwaga, hushuka Nyamongo penye machimbo ya dhahabu, huvuka Mto Mara, kisha huingia wilaya ya Serengeti hata Mugumu. Huko nchi hufunguka, majani huwa marefu, na penye mbuga udongo mweusi hunata gurudumuni wakati wa masika kama ugali wa mtama chunguni. Mbele zaidi, kwa Waikoma na katika kijiji cha Robanda, mashamba na malisho hupakana na nchi ya wanyama, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Basi katika safari ya siku moja pikapu hukutana na baridi, joto, mlima, vumbi, tope, maji na majani. Waliounda gari hili Japani walifikiria njia za dunia nzima. Hawakuifikiria njia hii peke yake. Kwa sababu hii kila mwenye pikapu katika wilaya hizi mbili ni muundaji wa pili, apende asipende.

Uundaji huu wa pili una historia yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Sirari, iliyokuwa mlango wa Tarime, ikawa ukuta hata mwaka 1983. Katika miaka ile vipuri viliadimika nchini kote, maana fedha za kigeni zilikuwa chache, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula nyingi katika hizo chache. Magari hayakungoja mpaka ufunguliwe ndipo yaharibike. Fundi aliyekosa bushi alikata bushi katika tairi bovu. Aliyekosa gasketi aliweka karatasi ngumu juu ya chuma, akagonga kingo zake polepole kwa nyundo mpaka karatasi ikajikata yenyewe kwa umbo la chuma. Mpaka ulipofunguliwa vipuri vilirudi, lakini mikono ilikwisha jifunza. Gereji zinazoitwa bubu, ambazo paa lake ni mti na sakafu yake ni udongo ulionyweshwa oili, zimerithi elimu ya miaka ile. Jina hilo lina uonevu ndani yake. Hazina kibao wala daftari, lakini bubu hazipati kuwa. Kelele zake husikika toka mtaa wa pili.

Pana mwenye pikapu mmoja wa upande wa Tarime ambaye mambo yake yastahili kusimuliwa, si kwa kuwa ni ya ajabu, bali kwa kuwa ni ya wengi. Alikuwa mfanyabiashara mdogo wa ndizi na mahindi. Baada ya miaka ya kukodi magari ya watu alinunua Hilux ya dizeli ya namna ile iliyoanza kutoka viwandani mwaka 1988, yenye injini ya sentimita za ujazo 2,779. Kipimo cha mwendo kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo hapana aliyejua gari lile limetembea kiasi gani. Muuzaji aliapa kwamba injini ni nzima, na katika hili, kinyume cha desturi ya wauzaji, alisema kweli.

Mnunuzi alibakiwa na fedha kidogo na tamaa nyingi. Kwanza alinunua rangi ya kopo akazipaka rimu. Kisha alibandika maneno ya baraka juu ya kioo cha mbele, akafunga na honi ya muziki, ambayo badala ya kulia mara moja kama honi nyingine iliimba wimbo mfupi kama wa arusi. Si haki kuyacheka mambo haya. Mtu aliyetembea kwa miguu nusu ya umri wake, akipata gari, ana haki ya kutangaza. Ila honi ile itatajwa tena mbele.

Baada ya mapambo alianza mambo ya faida, na hapo alikuwa mwanafunzi mwepesi. Alijifunza kulegeza kizibo kilicho chini ya chujio la dizeli na kumwaga maji yaliyotuama, kazi ya dakika tano isiyo na gharama, ambayo wengi hawaifanyi mpaka pampu inapokufa. Alifunga wavu mwembamba wa dirishani mbele ya rejeta, maana katika majani marefu ya Serengeti mbegu huingia katikati ya mapezi ya rejeta, hujishindilia huko, na maji huchemka hali hayakupungua. Wavu ulivutwa na kukung'utwa kila jioni kama mkeka. Madigadi ya nyuma aliyakata katika tairi kuukuu, jamaa ya tairi linalotoa makatambuga.

Jambo dogo kupita yote lilikuwa la pumulio la difu. Juu ya ekseli ya nyuma pana kitundu chenye kofia, ambacho hewa ya ndani hutokea difu inapopata moto. Difu yenye moto ikiingia ghafula katika maji baridi ya kijito, hewa iliyo ndani husinyaa, na difu huvuta pumzi. Kofia ikiwa imechoka huvuta maji. Oili hugeuka rangi ya maziwa, na baada ya miezi meno ya gia huliwa bila mwenye gari kujua ni siku gani alikosa. Dawa yake ni mpira mwembamba urefu wa mita moja na nusu, unaochomekwa pale penye kofia na kupandishwa hata karibu na kifuniko cha tangi. Kwa mpira ule pikapu hupumua juu ya maji. Hapana mapambo yanayolingana na furaha ya mtu aliyefungua difu yake baada ya masika akakuta oili safi.

Katika taa alikosea kwanza, kisha akapata. Taa zake zilikuwa hafifu, rangi ya chai ya maziwa, na alipoambiwa zipo globu mpya za LED zenye mwanga mweupe kama wa mchana alizinunua siku ile ile. Mwanga ulikuwa mwingi kweli, lakini ulikwenda kila mahali. Kioo na bakuli la taa ya zamani vimepimwa kwa uzi mmoja mdogo uwakao mahali pamoja palipokusudiwa. Ukiweka hapo chanzo cha umbo jingine, mwanga hutawanyika na sehemu yake huruka juu, machoni pa ajaye. Usiku mmoja katika barabara ya Sirari dereva wa basi alijibu kero ile kwa kumwashia taa zake zote. Kwa muda wa pumzi mbili mwenye pikapu hakuona kitu. Alisikia tu mchapo mwepesi kwenye kioo cha ubavuni, na aliposimama mbele na kutazama nyuma alitambua kwamba amepita katikati ya ng'ombe waliokuwa wakiswagwa gizani, na kwamba kilichochapa kioo ni mkia. Mchungaji alikuwa mtoto. Hakusema neno, alihesabu ng'ombe wake, akaenda zake.

Kesho yake globu za zamani zilirudishwa, na fundi mmoja mzee alimfundisha kupima. Injini ikiwaka, kipimo kilionyesha volti 14 kwenye betri, na volti 12 tu nyuma ya taa. Mbili zimepotea njiani. Katika magari mengi ya zamani umeme wa taa hutoka kwenye betri, huingia ndani mpaka kwenye swichi iliyo karibu na usukani, kisha hurudi mbele kwa waya mwembamba uliozeeka. Globu mbili za wati 55 hudai ampea zaidi ya tisa, na waya na swichi hutoza ushuru wao kama forodha. Msomaji asidhani volti mbili ni kitu kidogo. Volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga wa globu hupungua karibu theluthi. Taa ya mtu yule ilikuwa ikitoa kama sehemu sita tu katika kumi za mwanga wake.

Tengenezo lake ni rilei mbili, fyuzi na mita chache za waya mnene. Swichi ya zamani huachiwa kazi ya kuamuru tu: huamsha rilei kwa umeme kidogo, na rilei hufungua njia fupi na pana kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa. Fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, kwa maana waya mnene usio na fyuzi, ukichunika na kugusa bodi, huwasha moto pasipotakiwa. Pana magari ya Kijapani ambayo swichi yake hukata upande wa hasi wala si wa chanya, na hayo yana namna yake ya kufungwa. Asiyelijua hilo huunguza jioni nzima akilaumu rilei. Kazi ile iliisha kwa siku moja chini ya mti. Usiku wake mwenye pikapu aliegesha mbele ya ukuta mweupe, akashusha mwanga wa chini mpaka ukaelekea ardhini na kushoto, kama iwapasavyo waendeshao kwa mkono wa kushoto. Gharama haikufikia bei ya tairi moja iliyotumika.

Kufaulu huku ndiko kulikomponza, kwa kuwa aliamini sasa kwamba anajua gari lake.

Hilux ya namna ile huandikiwa mzigo wa karibu tani moja, yaani magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia. Yeye alikuwa akipakia kumi na matatu, na watu watano juu yake. Nyuma ikazama, pua ikainuka, na taa zile nzuri zikamulika matawi ya miti. Akafanya wafanyavyo wengi. Akaenda kwa wauza chuma chakavu, akachagua vyuma bapa vya springi ya gari kubwa, akavikata kwa kipimo, akatoboa katikati, akaongeza viwili kila upande na kununua yubolti ndefu zaidi. Hakumwita fundi. Pikapu ikisimama tupu, nyuma yake iliinuka vidole vinne kuliko zamani. Ikibeba magunia kumi na matatu ilisimama sawasawa kama isiyobeba kitu. Akapakia kumi na matano. Akapakia kumi na sita.

Wahenga walisema pia kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Springi inayozama ni pakacha linalovuja: humwambia mchukuzi kwamba mzigo umezidi. Mwenye pikapu alikuwa ameliziba tundu hilo. Vyuma vile viliinua mwili wa gari. Havikuongeza unene wa ekseli, wala upana wa breki, wala nguvu ya tairi. Na palikuwa na jambo la pili, ambalo yeye hakulijua kabisa, nalo lilimngoja katika mteremko unaotoka Nyamwaga kwenda chini kwenye bonde la Mara.

Ulikuwa msimu wa mavuno, na njia ilikuwa kavu. Alishuka kwa gia ya nne kwa kuwa alikuwa na haraka, akizuia gari kwa breki. Katikati ya mteremko ilisikika harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Aliposogeza mguu mara nyingine, pedali ilikwenda chini mpaka sakafuni, laini, kama kukanyaga mfuko wa hewa. Mbele yake, katika kona, wanawake walikuwa wakitoka gulioni na vikapu kichwani, wametandaa njia nzima kama watu wasio na wasiwasi. Akapiga honi. Honi ikaimba wimbo wake wa arusi. Wanawake wakageuka wakicheka, na mmoja akapunga mkono.

Aliingiza gia ya tatu kwa nguvu, kisha ya pili, injini ikapiga ukelele, naye akalisukuma gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kilima. Lilikwaruza, likapanda kidogo, likasimama. Magunia manne yalipasuka, mahindi yakamwagika njiani. Kijana mmoja kati ya waliokaa juu alivunjika mkono, akapelekwa hospitali kwa pikapu nyingine. Wale wanawake waliweka vikapu chini wakasaidia kuzoa mahindi. Hapana aliyemtukana, na hilo lilimwuma kuliko matusi.

Fundi mzee alikuja siku ya pili. Alilala chini ya gari kimya muda mrefu, ndipo akauliza, bila kutoka:

"Mura, nani aliongeza vyuma hivi?"

"Mimi mwenyewe, tata."

"Na fimbo hii uliiuliza?"

Hapakuwa na jibu, kwa maana mwenye gari hakuwa ameiona fimbo yoyote. Nayo ipo katika Hilux nyingi za miaka ile. Kwenye chesisi, juu ya ekseli ya nyuma, imefungwa vali ndogo ambayo mafuta ya breki za nyuma hupita ndani yake, na fimbo ya chuma hutoka kwenye vali hiyo kwenda kwenye ekseli. Gari likiwa tupu mwili huwa juu, fimbo hulegea, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma, kwa kuwa nyuma nyepesi ikibanwa sana magurudumu hukwama na mkia wa gari hutupwa pembeni. Mzigo ukipakiwa mwili hushuka, fimbo husukumwa, na vali hufungua: sasa nyuma ina uzito, nayo yaweza kuzuia. Fimbo haijui magunia. Inajua tu umbali uliopo kati ya mwili na ekseli. Mwenye pikapu, kwa vyuma vyake viwili kila upande, alikuwa ameifanya iamini kwamba gari ni tupu siku zote. Magunia kumi na sita na watu watano yalikuwa yakizuiwa na breki za mbele karibu peke yake.

Na mafuta ya breki hayakubadilishwa tangu gari lilipokuwa mikononi mwa watu wengine. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji, kipimo cha chini kabisa kinachokubaliwa huwa nyuzi 140. Breki za mbele zilizobebeshwa kazi ya magurudumu manne hufika huko upesi katika mteremko kama ule. Mafuta yalichemka, yakatoa povu la mvuke, na mvuke hubonyea pale ambapo mafuta hayabonyei. Hiyo ndiyo pedali iliyokwenda sakafuni.

Fundi hakuhubiri. Alimwambia atoe chuma kimoja kila upande, akamwonyesha mahali pa kutoboa kipande cha chuma cha pembe ili ncha ya chini ya fimbo iinuliwe vidole viwili, sawa na kimo kilichobakia kuongezeka. Kipande chenyewe kilikuwa kifupi kuliko kiganja, kilichookotwa katika mabaki ya fremu ya dirisha. Kwa macho ya mpita njia hakikuongeza lolote katika pikapu ile. Kisha akataja mafuta mapya ya breki, chupa mbili, akaenda zake kwa sababu alikuwa na kazi nyingine.

Kubadilisha mafuta ya breki ni kazi ya watu wawili, mmoja chini na mmoja juu. Jioni ile juu alikaa binti wa mwenye gari, ambaye miguu yake ilifika kwenye pedali kwa shida. Walianza na gurudumu la nyuma lililo mbali kupita yote na bomba kuu. Baba alivika mpira mdogo kwenye nati ya kutolea hewa, ncha yake ya pili akaitia katika chupa, akalegeza nati.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia hapo hapo."

Mafuta yalitoka meusi kama chai ya rangi, yenye vipovu vidogo. Akakaza nati, akamwambia aachie, akaongeza mafuta mapya juu, wakaanza tena. Walikuwa wamefika gurudumu la pili aliposimama mfanyabiashara mmoja kando ya gari na kuinama kutazama chini. Alikuwa na magunia kumi na sita ya kwenda Mugumu siku ya pili alfajiri, na bei yake ilikuwa nzuri. Sauti ilitoka chini ya gari ikasema kumi. Yule mtu akacheka, akidhani ni mwanzo wa kupatana, akataja kumi na manne. Sauti ikasema kumi, au safari mbili. Akasimama kitambo, akatazama nyuma ya pikapu iliyokuwa imeshuka kuliko alivyoizoea, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta gari jingine. Nalo hakulikosa, maana magari yenye springi zilizoongezwa ni mengi katika njia ile.

Chupa ilikuwa inajaa. Mafuta yaliyokuwa yakipita mpirani yalianza kupata rangi ya asali changa.

"Baba, nikanyage tena?"

"Kanyaga," akasema.